Hodi ya Barua Pepe: Je, Aliye Mbali Ataipokea Amana Yetu Ikiwa Nzima?

  



Katika toleo hili nimeona tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalitumia bila ya kulijua undani wake. Nalo ni namna barua pepe inavyosafiri, na namna kompyuta inayopeleka inavyoiuliza kompyuta ya mbali: "Je, unaweza kuupokea ujumbe huu kama ulivyo?" Huenda mtu akasema, "Haya ni mambo ya mafundi, yana nini na madrasa?" Jibu lake nitalitoa kwa kisa kilichonikuta mimi mwenyewe.

KISA CHA BARUA ILIYOFIKA ISISOMEKE

Nilipokuwa bado nasoma diploma, mzee mmoja jirani yetu alinijia baada ya Sala ya Alasiri. Mwanawe alikuwa akiomba nafasi ya masomo ya dini, na maombi yalitakiwa yapelekwe kwa barua pepe, kwa lugha ya Kiarabu. Akaniambia, "Ustadh, wewe unajua Kiarabu na unajua kompyuta. Mwandikie mdogo wako." Nikaandika. Juu niliweka utangulizi mfupi wa Kiswahili, chini yake barua yenyewe ya Kiarabu. Tukaenda kwenye duka la intaneti, nikaipeleka kwa programu ya zamani iliyokuwemo katika kompyuta ya pale, tukarudi nyumbani tukiwa na furaha.

Wiki tatu zikapita kimya. Nilipokwenda kuuliza, karani alinitolea karatasi waliyoichapa. Utangulizi wa Kiswahili ulikuwa umefika salama, hata nukta moja haikupungua. Lakini mahali pa Kiarabu palikuwa na X na Y, mabano, tarakimu na alama zisizo na maana, mstari baada ya mstari. Yule karani akasema, "Sisi tulidhani ni virusi." Na muda wa maombi ulikuwa umekwisha.

Mzee hakunilaumu. Alisema, "Si neno, Ustadh, ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Lakini kijana alikaa mwaka mzima akisubiri, na mimi kila nikimwona msikitini nilijiuliza: kwa nini Kiswahili kilipita na Kiarabu kikaharibika, na vyote vilikuwa ndani ya barua moja?

HERUFI NDANI YA KOMPYUTA

Kompyuta haijui alifu wala baa. Inajua alama mbili tu, sifuri na moja. Kila alama moja huitwa biti, na biti nane zikikaa pamoja huitwa baiti. Herufi, picha, sauti ya msomaji wa Qur-ani, vyote ndani ya kompyuta ni baiti zilizopangwa.

Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha ya herufi iitwayo ASCII. Orodha hiyo hutumia biti saba tu kwa kila herufi, na biti saba zinatoa nafasi 128. Humo zimo herufi za Kilatini kuanzia A hadi Z, kubwa na ndogo, tarakimu na alama za uandishi. Kiswahili tunachokiandika leo kwa herufi za Kilatini kinaenea chote humo, hakina herufi hata moja iliyobaki nje. Kiarabu hakimo kabisa.

Ili kuandika Kiarabu na lugha nyingine za dunia, leo hutumika zaidi utaratibu uitwao UTF-8. Katika utaratibu huo kila herufi ya Kiarabu tunayoifundisha darasani huchukua baiti mbili, na baiti hizo zinahitaji biti zote nane. Kwa mfano baa (ب) huandikwa hivi:

11011000 10101000

Sasa tazameni. Ikipita mahali panapojua biti saba tu, biti ya kwanza kushoto katika kila baiti hufutwa na kuwekwa sifuri:

01011000 00101000

Baiti ya kwanza sasa ni herufi X, na ya pili ni bano la kufungua. Baa imekuwa "X(". Sini (س) nayo kwa njia hiyo hiyo huwa "X3". Herufi kama mimu na lamu huanza na Y. Ndipo nilipoielewa ile karatasi ya karani. Hapakuwa na virusi wala uchawi. Kila herufi ya Kiarabu ilikuwa imepokonywa biti yake ya nane, na Kiswahili kilisalimika kwa sababu hakikuwa na biti hiyo ya kupokonywa.

Mwanafunzi wa darasa la kwanza anaweza kulifahamu hili vizuri kuliko mtu mzima. Baa ina nukta moja chini. Ifute nukta hiyo, haibaki baa. Ihamishe juu na uongeze ya pili, imekuwa taa, na neno limegeuka maana. Biti ya nane ni kama nukta ile. Ni kitu kidogo, lakini maana imekaa juu yake.

NJIA NYEMBAMBA YA ZAMANI

Kwa nini basi kuwe na njia isiyopitisha biti ya nane? Sababu ni historia. Kanuni ya kupeleka barua pepe kutoka seva moja hadi nyingine, iitwayo SMTP, iliandikwa na Mmarekani Jonathan Postel mwezi wa Agosti mwaka 1982. Wakati huo barua pepe ilikuwa maandishi tu, hasa ya Kiingereza. Kanuni ikasema herufi ni za biti saba, na mstari mmoja usizidi herufi 1000 pamoja na alama mbili za kumalizia mstari. Aidha ilisema kwamba mwisho wa ujumbe hujulikana kwa mstari wenye nukta moja peke yake.

Kwa maandishi hayo masharti hayana taabu. Kwa picha au sauti ni taabu kubwa. Faili la sauti halina mistari. Baiti zake hutumia biti zote nane, na huenda ndani yake mkatokea, bila kukusudiwa, mfuatano unaofanana na ile nukta ya mwisho. Faili la namna hii likipelekwa kama lilivyo, bila kufungwa wala kugeuzwa, huitwa ujumbe wa bainari. Ukiupeleka ujumbe wa bainari kwa seva inayojua kanuni ya mwaka 1982 tu, utafika umekatika au umeharibika.

Mwaka 1992 wataalamu wawili, Nathaniel Borenstein na Ned Freed, walitoa utaratibu wa MIME, ambao ndio uliotuletea viambatisho. Walitumia hila njema ya kufunga mzigo, iitwayo base64. Katika hila hii baiti tatu hugawanywa upya zikawa vipande vinne vya biti sita, na kila kipande huandikwa kwa herufi au alama ya kawaida ambayo njia nyembamba inaipitisha. Neno "bismi" kwa Kiarabu (بسم) ni baiti 6. Likifungwa huwa:

2KjYs9mF

Herufi 8, zote ni za kawaida, hakuna biti ya nane ya kupotea. Anayepokea hufungua, na بسم hurudi kama ilivyokuwa. Kama barua yetu ingefungwa hivi, yule kijana asingepoteza mwaka.

Lakini kila mzigo ukifungwa huongezeka ukubwa. Tatu zikiwa nne, faili la MB 3 huwa MB 4 na kidogo zaidi. Ndiyo maana mtu huambatisha faili la MB 20 akaambiwa limezidi kikomo cha MB 25. Yeye anahesabu mzigo ulio wazi, mfumo unahesabu mzigo uliofungwa.

HODI NA MAJIBU YAKE

Wataalamu walitaka njia ya kupeleka mzigo bila ya kuufunga pale inapowezekana. Tatizo likawa: utajuaje kama aliye mbali anaweza kuupokea? Jibu lao lilikuwa lile ambalo sisi tumelelewa nalo tangu utotoni. Uliza kwanza.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametufundisha katika Suratun-Nur, aya ya 27, kwamba tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.) tunafundishwa kwamba mtu huomba ruhusa mara tatu, na asiporuhusiwa hurudi. Hasukumi mlango.

Tangu mwaka 1993 seva za barua pepe nazo zina hodi yao. Seva inayopeleka hutaja neno EHLO na jina lake. Seva ya mbali, kama inaifahamu hodi hiyo, hujibu kwa kuyataja mambo inayoyaweza, mstari mmoja mmoja. Mazungumzo huwa hivi (majina ni ya mfano):

Mpelekaji: EHLO barua.madrasa.example
Mpokeaji: 250-posta.ofisi.example
Mpokeaji: 250-SIZE 26214400
Mpokeaji: 250-8BITMIME
Mpokeaji: 250-CHUNKING
Mpokeaji: 250 BINARYMIME

Namba 250 maana yake ni "sawa, nimekubali". Kistari baada ya namba kinamaanisha "bado naendelea kusema". Kistari kikikosekana, huo ni mstari wa mwisho. Sasa tuufasiri mstari mmoja mmoja.

1. SIZE ni ukubwa wa ujumbe anaoweza kuupokea. Hapa ni baiti 26214400, yaani MB 25.

2. 8BITMIME ni kusema, "Napokea biti zote nane." Maandishi ya Kiarabu yanaweza kupita bila kufungwa. Lakini sharti la urefu wa mstari bado lipo, kwa hiyo picha na sauti hazipiti wazi kwa ruhusa hii peke yake.

3. CHUNKING ni kusema, "Naweza kupokea mzigo kwa mafungu yaliyohesabiwa." Hapa mpelekaji hatumii amri ya DATA inayongojea nukta ya mwisho. Hutumia BDAT na kutaja idadi ya baiti kabla ya kuzitoa. Ni kama mchukuzi anayesema, "Nakushushia magunia 40, hesabu." Mpokeaji akifika arubaini anajua fungu limetimia, bila kujali ndani ya magunia mna nini. Fungu la mwisho hutajwa kwa neno LAST.

4. BINARYMIME ndiyo ruhusa tunayoitafuta. Ni kusema, "Napokea ujumbe wa bainari kama ulivyo." Ruhusa hii haifanyi kazi bila ya CHUNKING, kwa hiyo lazima uzione zote mbili. Kanuni yake ilitolewa kwa majaribio mwaka 1995, ikatengenezwa upya mwezi wa Desemba mwaka 2000.

Mpelekaji akiiona ruhusa hiyo na akataka kuitumia, huitangaza anapomtaja mwenye barua, kwa kuandika BODY=BINARYMIME, kisha hutoa mafungu yake kwa BDAT.

Je, kama BINARYMIME haikutajwa? Kunyamaza hapa ni "hapana". Mpelekaji ana njia mbili tu. Aufunge ujumbe upya kwa namna ambayo mpokeaji anaiweza, au amrudishie mwenyewe na kumwarifu kwamba haukupelekeka. Njia ya tatu, ya kuupeleka hivyo hivyo na liwalo na liwe, hairuhusiwi na kanuni. Na kama seva ya mbali ni ya zamani mno hata haiijui EHLO, itajibu kwa namba ya kosa, kama 500. Hapo mpelekaji hurudi kwenye salamu ya kale, HELO, akafunga kila kitu chenye biti ya nane.

Ile programu ya dukani haikuuliza wala haikufunga. Ilisukuma mlango.

NAMNA YA KUANGALIA MWENYEWE

Wanafunzi wakubwa wanaosoma kompyuta wanaweza kuliona jambo hili kwa macho yao, kwa seva ya madrasa au ya ofisi iliyowapa ruhusa. Kwanza hutafutwa seva inayopokea barua za anuani ile, kwa amri nslookup -type=mx ikifuatiwa na jina la kikoa, yaani lile linalokaa baada ya alama ya @. Pili, hufunguliwa mazungumzo na seva hiyo katika mlango namba 25, kwa amri ya telnet. Tatu, huandikwa EHLO na jina la kompyuta yako. Nne, husomwa majibu, kisha huandikwa QUIT ili kuaga. Hapo hakuna barua iliyopelekwa. Umepiga hodi, umesikia jibu, umeondoka.

Mambo matatu yazingatiwe. La kwanza, mitandao mingi ya nyumbani na ya simu huufunga mlango namba 25 ili kuzuia barua za ulaghai. Ukishindwa kufika, usiseme seva ya mbali ni mbovu. Huenda umezuiwa hapa hapa kwenu. La pili, ukiona neno STARTTLS maana yake seva inaweza kuyafunga mazungumzo kwa siri. Baada ya kufungwa kwa siri hodi hupigwa upya, na jibu la pili ndilo la kufuatwa, kwa sababu linaweza kutofautiana na la kwanza. La tatu, seva nyingi hazitaji BINARYMIME hata leo. Programu ya Postfix, kwa mfano, ilianza kukubali CHUNKING mwaka 2019, lakini bila ya BINARYMIME. Kwa hiyo kukosekana kwake si aibu wala si ubovu.

NYUMBA YA JIRANI NA NYUMBA YA MWISHO

Hapa pana nukta ambayo hata mafundi wengine huisahau. Barua pepe inaweza kupitia seva mbili, tatu au zaidi kabla ya kufika. Seva yako inapopiga hodi, inajibiwa na ile inayofuata tu. Haiambiwi lolote kuhusu ile iliyo mbele yake. Ni sawa na kumpa jirani mzigo aufikishe kwa shangazi. Jirani amesema "nimekubali", lakini je, mlango wa shangazi unaupitisha?

Kwa hiyo kila seva njiani ina jukumu lake jipya la kuuliza. Seva ya kati iliyopokea ujumbe wa bainari, ikikuta ya mbele haiupokei, lazima iufunge au iurudishe. Haina haki ya kusema, "Mimi nilipewa hivi." Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, tuzirudishe amana kwa wenyewe. Amana ikipita mikono mitatu, mikono yote mitatu itaulizwa.

Kwa sababu hii ya kutojua hali ya nyumba ya mwisho, programu nyingi za barua pepe zimechagua kufunga viambatisho kwa base64 tangu mwanzo, hata kama jirani wa kwanza ana mlango mpana. Mzigo unaongezeka theluthi moja, lakini unafika mzima.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wazazi na wanafunzi, hatulazimiki wote kuwa mafundi. Lakini haya tunayaweza:

1. Kabla ya kupeleka jambo la maana, kama cheti, maombi ya masomo au sauti ya mashindano ya Qur-ani, tumuulize anayepokea: anataka faili la aina gani, na kikomo chake ni ukubwa gani?

2. Barua ya Kiarabu yenye uzito tuiambatishe pia kama faili la PDF. Kiambatisho hufungwa, na umbo la herufi huhifadhika.

3. Tusichukulie kwamba kupeleka ni kufika, wala kufika ni kusomeka. Siku ya pili tupige simu: "Imefika? Inasomeka mpaka mwisho? Faili lina ukubwa gani?"

4. Tupeleke mapema, ili ikiwa kuna kasoro tubaki na siku za kuirekebisha. Mimi nilipeleka siku chache tu kabla ya mwisho, kisha nikakaa kimya wiki tatu. Programu ilikuwa na kosa lake, na mimi nilikuwa na langu.

5. Tukirudishiwa barua na ujumbe wa kosa, tusiufute kwa hasira. Tuusome. Seva iliyoturudishia imefanya uaminifu kuliko ile iliyoipeleka mbele ikiwa imeharibika.

Yule kijana aliomba tena mwaka uliofuata. Safari hiyo nilipeleka kwa barua pepe, nikapiga simu kesho yake, na karani akanisomea mstari wa kwanza na wa mwisho. Alhamdulillah, alipata nafasi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini barua ya Kiswahili hupita njia ya biti saba bila kuharibika, na ya Kiarabu huharibika?
2. Seva imetaja 8BITMIME na CHUNKING, lakini haikutaja BINARYMIME. Je, utaipelekea ujumbe wa bainari? Toa sababu.
3. Una sauti ya usomaji yenye MB 21, na kikomo cha mpokeaji ni MB 25. Je, itapita ikifungwa kwa base64? Onesha hesabu.
4. Seva ya kwanza imekubali bainari, ya pili haikubali. Jukumu ni la nani, na afanye nini?

Mwanafunzi mwenye majibu ayaandike kwenye daftari na amletee mwalimu wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atufanye miongoni mwa wanaotekeleza amana, kwa mkono, kwa ulimi na kwa kompyuta. Amin.